Paraguay Wakifuzu

Mume wangu Hashil hajafika Paraguay, hana jamaa Paraguay, na ukimpa ramani ya dunia akuonyeshe ilipo, kidole chake kitazunguka Brazil mpaka kichoke. Lakini vijana wa Paraguay wakifungwa, chai haipiti kooni nyumbani kwetu Ibra, Oman. Na laiti ingekuwa timu kubwa ningesema haya, ndiyo mambo ya wanaume. Hapana. Ni timu ya watoto wasiozidi miaka ishirini, ambao hata majirani zao huko kwao sidhani kama wanawajua kwa majina. Hashil anawajua.

Mashindano yenyewe nimeyajua bila ya kupenda, kama mtu anavyoujua ugonjwa wa mumewe. Nchi kumi za Amerika ya Kusini zinakutana na vijana wao. Wanachujwa, zinabaki timu sita, kila moja inacheza na mwenzake, na nne za juu ndizo zinazokwenda Kombe la Dunia la vijana. Basi. Jioni ya kwao ni alfajiri ya kwetu, na mapumziko ya mchezo wa pili huangukia karibu na adhana. Hashil huswali, hurudi, hukaa. Anasema Mungu mwenyewe kaupanga mchezo ule uwe na nafasi ya sala. Mimi nasema Mungu asisingiziwe.

Kisha inakuja asubuhi, na hapo ndipo ninapotamani kupiga kelele. Naingia jikoni kupika chai, naye ananifuata na kikombe mkononi, anasimama mlangoni, ananihadithia mpira. Wote. Haanzi na goli kama watu wengine. Anaanza na nani aliingia uwanjani kwanza, jezi zilikuwa za rangi gani, mvua ilinyesha au haikunyesha, nani alimpa nani, nani alimpiga chenga nani. "Basi yule mrefu, Kaltham, yule wa kushoto niliyekwambia jana, akaupokea kwa kifua." Mimi jana sikuuliza na leo sikuuliza. Nikimwambia, "Baba Tamim, nipe matokeo tu nikaange mayai yangu," hunitazama kama nimemtukana. Hajui kutaja matokeo. Anajua kuhadithia tangu mwanzo mpaka mwisho, na ukimkatiza anaanza upya.

Siku moja mezani nilimuuliza kwa nini Paraguay, si Brazil au Argentina kama watu wenye akili zao. Akasema, "Nchi ile haina bahari." Muntasir, mume wa binti yetu Najla, ambaye ni mtu wa kupenda kusahihisha, alipofasiriwa akamwambia kwa Kiarabu kwamba Bolivia nayo haina bahari.

"Bolivia walikuwa nayo, wakanyang'anywa," Hashil akajibu. "Mpaka leo wanaililia. Paraguay hawana wanachokililia."

Tukacheka mezani. Mimi nilicheka kuliko wote.

Hashil alizaliwa Wete, Pemba. Mama yao alifariki yeye bado mdogo mno, akalelewa na dada yake Fatin, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu. Ulipofika ule mwaka, ambao wazee wetu hawautaji, wanasema "ule mwaka" na kila mtu anaelewa, baba yao aliondoka na mtoto wake wa kiume. Fatin alikwisha kuozwa, akabaki kwa mumewe. Hashil akapitishwa Mombasa, akakulia Dubai, akafika Ibra kwa babu zake akiwa kijana mwenye Kiarabu kibovu, na vijana wenzake wa mtaani wakimcheka kila alipofungua kinywa. Akajifunza kukaa kimya kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili alibaki na maneno yake, lakini hayo aliyaweka mpaka aliponioa mimi, mtoto wa watu wa Kikwajuni, Unguja, niliyeletwa huku nikinyonya.

Kazi yake ilikuwa ya maji. Serikali ilimpa gari na kamba ndefu ya kupimia, akawa anazunguka visima vya mashamba, Ibra na vijiji vyake, Bidbid, Nizwa, anashusha kamba shimoni na kuangalia maji yameshuka kiasi gani. Alistaafu kwa heshima na zawadi ya saa ya ukutani isiyokwenda. Wenzake wa kazini walikuwa na kichekesho chao juu yake: kila alipopelekwa Sur, ambako watu huenda na familia zao kupunga upepo, yeye alipima alichotumwa kupima, akala chakula chake ameipa bahari mgongo, akarudi siku ile ile. "Mpemba anaogopa maji," walimwambia. Naye alikuwa akijibu kwamba maji anayoyaamini ni yale yaliyotulia chini.

Sasa nije kwa Fatin. Fatin ni wifi yangu, na watu wanajua mawifi walivyo. Sisi hatujagombana hata mara moja, na nadhani ni kwa sababu hatujaonana hata mara moja. Tangu simu zilipokuwa rahisi nampigia kila Ijumaa baada ya Alasiri. Ninamjua kwa sauti tu, kikohozi chake, majogoo wake, kucheka kwake kwa pua. Hashil huwa amekaa chumba hicho hicho, rimoti mkononi, anajitia hamnazo, na masikio yote yako kwenye simu.

"Muulize hali," ananiambia.

"Muulize mwenyewe, huyu hapa."

Nikimpa simu anaipokea, anasema, "Naam, naam, alhamdulillah," kisha anairudisha mbio mbio kama kashika kaa la moto. Halafu anasema, "Mwambie namsalimia." Na Fatin, kila Ijumaa, hunijibu neno lile lile: "Mwambie marahaba." Hashil hakuwahi kumpa shikamoo, lakini yeye aliiitikia. Nilidhani ni uzee, au labda simu haisikiki vizuri kule.

Safari ya kwenda kumwona dada yake Hashil ameipiga danadana tangu tulipooana. Mwanzo hakuwa na likizo. Alipopata likizo, mtoto wetu Tamim akawa mdogo. Tamim alipokua, ikawa harusi ya Tamim, kisha goti, kisha korona, kisha paa linavuja, na paa lenyewe katika nchi ambayo mvua ikinyesha watu wanatoka nje kupiga picha. Nimepanga sanduku mara nyingi na nimelipangua mara nyingi. Mimi nina baba na mama waliokufa huku, makaburi yao nayazuru nikitaka. Yeye ana mtu mzima aliyemlea, yuko hai, ana simu, na hataki kwenda. Jambo hili limenitia uchungu kuliko mambo mengi aliyonifanyia, na si machache.

Mwaka huu macho ya Fatin yakaanza kufunga. Presha ya macho, na daktari alimwambia kilichokwisha kupotea hakirudi. "Wifi," akanambia, "sura za watu naziona kama zimefunikwa mtandio. Mwambie Hashil aje nimwone wakati bado nina cha kuonea. Sijui hata ana ndevu au hana."

Nilikata simu, nikamwambia neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza betri za rimoti ziko wapi.

Nilitoka chumbani. Ningebaki ningemrushia kitu.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa Nizwa kwa Najla, ambako anasomesha. Mashindano yalikuwa yamefika kwenye timu zile sita, na Paraguay walikuwa wamekwisha kufungwa michezo miwili ya mwanzo. Hashil alikuwa anakula kama mtu aliyefiwa. Mimi nikaona hapa kuna mashahidi, nikalitoa mbele ya binti yake na mkwewe: dada yake anapofuka, na yeye anakwenda au haendi? Nijibiwe leo.

"Nitakwenda, inshallah."

"Inshallah hiyo nimeila miaka yote, imeshanivimbisha tumbo. Lini?"

"Kaltham, si mbele ya watoto."

"Watoto wana watoto wao. Lini?"

Akasukuma sahani. "Khalas! Paraguay wakifuzu, wallahi nakwenda Pemba!"

Muntasir, asiyejua Kiswahili zaidi ya karibu na ahsante, aliuliza kwa Kiarabu baba kasema nini. Najla akamfasiria. Akacheka mpaka akapaliwa, kwa sababu aliijua hali ya Paraguay, na kwake hicho kilikuwa kiapo cha kutokwenda. Mimi sikucheka. Mume wangu ana kasoro zake zote lakini kwa wallahi hana mchezo. Nimemwona akifunga siku tatu kwa kiapo kidogo tu juu ya mbuzi wa jirani kilichomponyoka. Niliporudi Ibra nililitoa sanduku, nikalifuta vumbi.

Paraguay wakashinda mchezo uliofuata.

Sijui niwaeleze vipi zile siku. Hashil alikuwa anawapenda watoto wale kwa moyo wake wote, na anaogopa wasije wakashinda. Na mimi, niliyekuwa sijui kona ni mdudu gani, nikawa naamka naye alfajiri, nakaa pembeni na tasbihi. Mchezo wa nne, yule mrefu wa kushoto alipotia goli, mimi nilipiga vigelegele mpaka jirani yetu Wadha akatoa kichwa dirishani akidhani kuna harusi. Hashil alisimama mikono juu, akakumbuka, akakaa mikono ikiwa bado nusu ya njia. Asubuhi yake alinihadithia mpira nilioutazama mwenyewe. Nilimwambia, "Nilikuwepo!" Akaendelea.

Wakashinda na huo. Ukabaki mchezo mmoja, na Argentina.

Walifungwa. Nilitazama mpaka kipenga cha mwisho nikiwa siamini. Vijana wa Paraguay walilala kwenye majani wakilia, jezi zao wamezivutia usoni, na Hashil alilia nao, machozi kweli. Lakini chini ya machozi yale niliona mabega yake yameshuka, yametulia, kama mtu aliyeahirishiwa kesi. Nilimchukia dakika ile. Nasema kweli, nilimchukia.

Mara mtangazaji akapaza sauti kwa Kiarabu. Timu iliyokuwa ikiwafuata Paraguay nayo ilikuwa imefungwa. "Taahhalat Paraguay!" akasema, "Paraguay wa nne, wanakwenda Kombe la Dunia!" Wale watoto waliolala wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakiulizana, kisha wakawa wanarukiana migongoni.

"Wamefuzu!" nikapiga ukelele. "Hashil, wamefuzu!"

"Wamefungwa," akasema.

"Wamefungwa lakini wamefuzu."

"Kaa chini, Kaltham. Mtu hafungwi akafuzu."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, nikaona hatanii hata kidogo. Akazima sauti ya televisheni, akakunja miguu, akanipa darsa. Kufuzu, kwa mujibu wake, ni neno la Kiarabu, faaz, na faaz ni kushinda, hata mtoto wa Ibra wa chekechea anajua. Chuoni kwao Wete, watoto wakishindanishwa kusoma Kurani, aliyeshinda ndiye aliyeambiwa kafuzu, na wa pili hakufuzu ingawa alikuwa wa pili. "Mimi niliapa kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu. Nilisema wakifuzu. Mtangazaji huyu hakusema faazat. Kasema taahhalat, yaani wamepita. Mimi je, nilisema wakitaahhal?"

"Redio zote za Dar es Salaam zinasema timu imefuzu maana yake imepita! Nazisikia kila siku nikipika!"

"Hao wa redio wameliharibu neno, waulizwe wao. Mie sikuapa kwa redio."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa anasema uongo. Hata mama yangu, Mungu amrehemu, angesema fulani kafuzu akiwa na maana kashinda. Ni neno moja, sisi huku tumelihifadhi lilivyokuwa, wenzetu kule wamelitumia mpaka likageuka, na mume wangu kapita katikati yake kama anavyopenda yule mrefu wake apite katikati ya mabeki.

Najla alipiga simu asubuhi ile ile. Nikaweka sauti kubwa. Mtoto wangu Kiswahili alikipata kwenye makombo ya mazungumzo yetu, lakini moyo wake uko mahala pake. "Baba," akasema, "wewe umeapa. Timu imefuzu. Kiapo yako iko pale pale."

"Kiapo *chako*," Hashil akamjibu. "*Kiko* pale pale. Jifunze kwanza kusema, ndipo unihukumu."

Najla akakata simu. Siku nzima hakupokea tena, wala yangu.

Yakaenda hivyo wiki nzima, na nyumba ikawa haikaliki. Jumatano nilikwenda soko la wanawake kununua udi, nikakutana na kina mama wa kwetu waliotoka Zanzibar, nikawauliza kufuzu ni nini. Wakagawanyika hapo hapo juu ya marobota ya vitambaa, hawa wanasema kushinda, hawa wanasema kupita, mmoja akasema ni kumaliza masomo, na mwenye duka akatuomba tukabishane nje. Nilirudi nyumbani na hasira mpya. Mwanamke anapoteza macho Wete, na sisi Ibra tunapima neno, linakwenda ndani kiasi gani, kama mume wangu na visima vyake. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, "Wewe si mtu wa dini, wewe ni wakili." Nilimwambia na mengine siyaandiki.

Hakurudisha hata neno. Hilo ndilo lililonimaliza. Asubuhi ya Ijumaa niliingia chumbani, nikalifungua sanduku, nikalipindua nguo zote zikamwagika sakafuni, kanzu zake, mabuibui yangu, kanga mpya nilizomnunulia wifi, nikaziacha hapo. Nikamwambia apite juu yake akitaka kulala.

Akasimama mlangoni akizitazama. Kisha akasema, taratibu, "Muulize mtu yeyote aliyebaki kule. Mtu ambaye Kiswahili chake hakijachanganyika na chochote. Akisema kufuzu ni kupita, nakwenda."

"Nitamuuliza Fatin," nikasema.

Nilimwona akisita. Lakini alikuwa amekwisha kusema. "Haya," akasema. "Muulize."

Nimempata! Kuna mtu gani duniani mwenye haja zaidi ya neno lile liwe kupita? Mwanamke anayemngoja ndugu yake tangu ule mwaka, na sasa anaulizwa kama aje au asije. Nilichukua simu, nikambonyezea Fatin ujumbe wa sauti, kwa sababu maandishi hayaoni tena. Nikamweleza yote bila kupamba: kiapo, Paraguay, Argentina, faaz na taahhal. Nikamwambia, wifi, wewe ndiye hakimu, kufuzu ni nini?

Majibu yalikuja baada ya Alasiri. Hashil alikuwa anatazama marudio ya ule mchezo wa mwisho, kana kwamba safari hii labda Argentina watakosa. Sikumwambia apunguze sauti. Nikaiweka simu juu ya meza, katikati yetu, nikabonyeza.

"Asalaam aleikum, wifi yangu Kaltham," sauti ya Fatin ikasema, na majogoo wake nyuma. "Nimekusikia. Suali lako jepesi. Kufuzu ni kushinda. Kwetu sie aliyefungwa hakufuzu, na anayesema vyengine kayatoa kwengine. Hashil kasema kweli. Kiapo kishamwondokea."

Nilihisi nimepigwa kofi. Nikamtazama Hashil. Hakufurahi. Alikuwa ameikazia macho simu.

"Na hata wangefuzu," Fatin akaendelea, "nisingetaka aje. Mie hao Paraguay siwajui, hawanidai wala siwadai. Mtu asije kwangu kwa ajili ya watoto wa watu. Lakini, wifi, niulizie neno moja." Hapo alikohoa. "Siku ile aliyoondoka, alikuja kuniaga mbio mbio, kavaa kofia ya Idi. Akanambia, baba ananipeleka Unguja kutazama mpira, nikirudi n'takuhadithia. Maana mie nilipenda mpira, na wasichana hatukwenda uwanjani, basi yeye akenda akija hunihadithia wote, tangu mwanzo, nami nakuna nazi. Nikakuna nazi ya kumtosha na yeye, nikangoja. Muulize. Mpira ule uliisha ngapi ngapi?"

Ujumbe ukaisha. Kwenye televisheni watu walikuwa wanashangilia kitu.

Miaka yote hiyo ndani ya nyumba moja, sikuwahi kuambiwa habari hiyo. Nilijua aliondoka na baba yake kwa chombo. Sikujua kwamba alidhani anakwenda kutazama mpira. Nilimtazama mume wangu, mzee mwenye ndevu nyeupe ambazo dada yake hajui kama anazo, na mdomo wake ulikuwa unatafuta maneno kama siku zile vijana wa Ibra walipokuwa wakimcheka.

"Mwambie," akaanza, "mwambie kwamba..."

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

"Kaltham."

"Mimi nimechoka, Hashil! Nimebeba salamu zako maisha yangu yote, mgongo umepinda. Hili silibebi. Mwambie mwenyewe."

Nikamsukumia simu. Nilikuwa tayari airudishe kama kawaida yake ili niivunje. Hakuirudisha. Aliishika kwa mikono miwili, akatafuta pa kubonyeza, akakosea, akatafuta tena. Sikumsaidia.

"Shikamoo, dada," akasema.

Alibonyeza tu, hakuachia, na simu ilikuwa inameza kelele za uwanja wa Amerika ya Kusini. Nilidhani ataishia hapo.

"Hapakuwa na mpira," akasema. "Tulifika bandarini usiku, nikapakiwa. Nikamuuliza baba uwanja uko wapi mpaka nikalala. Hapakuwa na mpira, dada. Sina cha kukuhadithia."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda. Akaiweka simu mezani na kuigeuza uso chini, kama vile atakayejibu ataonekana.

Fatin hakukawia. Safari hii ilikuwa fupi, na nilimsikia akicheka kwa pua, au si kucheka, sijui.

"Marahaba, Hashil. Nilijua tangu usiku ule usiporudi. Nilitaka uniambie weye. Sasa izime hiyo tivii, yapiga kelele mpaka huku. Yangu mie siioni tena, naisikia tu, na watangazaji wa siku hizi hawasemi hata jezi rangi gani. Njoo unihadithie."

Hashil akachukua rimoti, akaizima.

Mimi nikaenda chumbani, nikakaa sakafuni penye nguo nilizozimwaga asubuhi, nikaanza kuzikunja tena moja moja, kanzu zake kwanza. Nilikuwa na hasira naye mpaka machozi yananichuruzika juu ya kanga za wifi. Miaka yote ile jikoni, nilidhani ananihadithia mimi.